Dada kaambiwa apime jeni za kansa, na mimi je? Naogopa majibu kuliko ugonjwa

mama_wawili_tabata

Habari zenu wapendwa, naandika kwa urefu mnisamehe, kichwa kimejaa na nyumbani hakuna wa kuongea naye.

Nina miaka 34, watoto wawili, wa kike ana 9 wa kiume 5. Mama yetu alifariki akiwa na miaka 48 kwa kansa ya ovari, inagundulika tumbo limeshajaa maji, hata miezi mitano hatukumaliza naye. Mama mkubwa yeye alikatwa ziwa akiwa na 51 akaishi kama miaka mitatu mbele. Bibi mzaa mama hatukumkuta, kule Muheza wanasema alikufa kwa "uvimbe" na mpaka kesho kuna jirani anatajwa kwa ubaya kwa ajili hiyo, huko tusiende.

Sasa mwaka jana dada yangu mkubwa, ana 39, akaota kinundu ziwa la kushoto. Wakachukua kinyama, majibu yakaja ni ile kansa ambayo zile alama tatu wanazotafuta zote hazipo, kwahiyo vidonge vya homoni havimsaidii. Yuko hospitali ya kansa ya Ocean Road anaendelea na dripu za dawa ya kansa, wiki iliyopita kamaliza ya nne. Siku hiyo nilimsindikiza mimi, daktari akaanza kuuliza mambo ya ukoo, nani aliumwa nini, alikuwa na miaka mingapi, huku anachora viduara na viboksi kwenye karatasi, na kila aliyeugua anampaka wino. Jamani alivyomaliza upande wa baba mweupe, upande wa mama mweusi tititi. Mimi nikawa kiduara kitupu pembeni ya dada. Sijalala vizuri tangu nikione kile kikaratasi.

Akasema kuna kipimo cha jeni, zinaitwa BRCA1 na BRCA2 na nyingine nyingine, ikionekana kuna hitilafu ya kurithi basi na mimi na kaka tupime.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema ukitafuta utapata, na ukishajua ndo utafanyaje, ukatwe matiti na miaka 34 hujaumwa? Mama mkwe yeye nilimwambia "jeni" akasikia "jini", akanipa namba ya mtu wa Bagamoyo. Nilicheka halafu nikaenda kulia chooni. Kaka anasema hayo mambo ya wanawake yeye hayamhusu. Na dada mwenyewe ndo kabisa, anasema hataki awe yeye ndiye aliyetuletea balaa kwenye familia.

Maswali yangu: naweza kupima mimi tu bila kumsubiri dada? Nikikutwa nayo ni lazima nikatwe? Na binti yangu naye apimwe? Na wale waliopima, mlijuta?

Mtumishi_G

Dada usipime. Hofu ndiyo inayoleta magonjwa. Kabidhi kwa Mungu ukae kwa amani na watoto wako.

bi_mkora

Mtumishi mtu kafiwa na mama kwa kansa, mama mkubwa kansa, dada yuko kwenye dripu, hizo zote zimeletwa na hofu?? Maombi yaendelee na kipimo kiendelee, havijawahi kugombana. Pole sana mama wawili.

nesi_mstaafu_moshi

Mwanangu pole, na dada yako mpe pole zetu. Mimi nimefanya kazi wodi za akina mama miaka mingi, nitakueleza ninavyoelewa halafu mengine umalizie na daktari wenu.

Kwanza hilo la kupima wewe peke yako. Unaweza, hakuna sheria, lakini ni kuanza na mguu mbaya. Anayejua mwiba uliko ni aliyechomwa. Dada ndiye anaumwa, kwahiyo kama kuna hitilafu kwenye ukoo, uwezekano mkubwa yeye anayo. Wakiiona kwake wanajua ni herufi gani hasa kwenye jeni imekosewa, basi ninyi wengine mnatafutiwa hiyo hiyo tu, na jibu lenu linakuwa ndio au hapana. Sasa wewe ukipima peke yako ukaambiwa haipo, haipo kwa sababu hukurithi? Au haipo kwa sababu familia yenu ina kitu kingine ambacho kipimo hakikukitafuta? Hakuna wa kukuambia. Utarudi nyumbani na furaha ya uongo, nimewaona.

Pili, usidhani kila kansa ni ya kurithi. Katika kansa 100 za matiti ni 5 mpaka 10 hivi ndizo zinatokana na jeni ya kurithi. Ila ukoo wenye ovari na ziwa upande mmoja, wanaugua kabla ya 50, halafu na aina ile aliyopata dada yako, huo ndio ukoo wa kupima. Daktari wenu hajakurupuka.

Tatu, watu wanachanganya kurithi jeni na kurithi kansa. Kama mama alikuwa nayo, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na ya dada ikiangukia upande mmoja haibadilishi ya kwako. Na ukiwa nayo bado si kwamba lazima uugue. Wenye BRCA1, katika wanawake 100 kama 55 mpaka 72 wanapata kansa ya ziwa maishani, na kama 40 ya ovari. BRCA2 ziwa haliko mbali na hapo, ovari inashuka iko kama 11 mpaka 17. Linganisha na mwanamke wa kawaida, za Marekani ndizo zinazotajwa sana, ni kama 13 kwa ziwa na 1 kwa ovari. Namba ni kubwa sikufichi, lakini ona wapo wanaozeeka nayo na hawaumwi chochote.

Kukatwa si lazima. Wako wanaochagua kuchunguzwa ziwa kila mwaka, picha za MRI kuanzia miaka 25 hivi na mamografia, ile eksirei ya ziwa, inaongezwa kuanzia 30, lengo ni kuikamata ikiwa ndogo. Wanaotoa maziwa yote mawili wanapunguza hatari kwa 90 kati ya 100 au zaidi. Shida iko kwenye ovari mwanangu. Ovari haina kipimo cha kuiwahi. Waingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, kama nusu yao wakipimwa kwa ultrasaundi au kipimo cha damu cha CA-125, majibu yakatoka 2021, kuigundua waligundua lakini vifo havikupungua. Ndio maana mwenye BRCA1 anashauriwa akishamaliza kuzaa atolewe ovari na mirija kati ya 35 na 40, wa BRCA2 anaweza kungoja mpaka 40 na 45. Hapo hedhi inakatika siku ile ile, joto, jasho la usiku, mifupa, kuna dawa za homoni za kusaidia ila ujue hilo kabla hujasaini kitu.

Binti wa miaka 9 mwache acheze. Watoto hawapimwi hizi, akifika 18 ataamua mwenyewe.

mama_wawili_tabata

Mama asante sana, nimesoma mara tatu. Kwahiyo yote yanarudi kwa dada, na dada ndo hataki 😔 namsukumaje mtu aliye kwenye dripu?

nesi_mstaafu_moshi

Usimsukume. Mwambie majibu yanamhusu yeye kwanza. Kuna vidonge kama olaparibu vinafanya kazi vizuri kwa wenye hitilafu hizi, bei yake ni ya kuumiza siwezi kukudanganya, lakini pia inabadilisha uamuzi wa upasuaji, kama atatoa ziwa moja au yote mawili. Akijua kipimo ni cha matibabu yake atakiona tofauti. Anadhani anapimwa ili ninyi mjue.

mwana_wa_kisauni

Mie wa Mombasa, nlipima miaka sita nyuma, nami nataka niseme kitu ambacho sie hatukuambiwa na mtu. Majibu si mawili, ni matatu. Kuna ndio, kuna la, na kuna "tumeona kitu lakini hatukijui". Mie nlipewa hiyo ya tatu. Kwenye BRCA2 kuna herufi moja imegeuka, lakini hawana watu wa kutosha walioonekana nayo wakajua kama yadhuru au haidhuru. Na wajua kwa nini sie huangukiwa sana na hilo jibu, ni kwa sababu makabati yao yamejaa damu za wazungu, sie damu zetu hazijapimwa nyingi, basi kitu ambacho kwetu huenda ni cha kawaida kabisa wao wakiona ni kigeni.

Basi daktari wa kwanza niliyemuonyesha ile karatasi akanambia bora tutoe tu matiti yote mawili, tusibahatishe. Nkarudi nyumbani nkamwambia mume, tukalia, nkaanza hata kuuza dhahabu zangu. Shangazi yangu ndiye alonishika mkono, akasema lau ni nyumba tungetafuta fundi wa pili. Wa pili akaisoma akaiweka mezani akasema hii si ruhusa ya kukata mtu, jibu hili lachukuliwa kama hujapima, tutakuangalia kwa historia ya ukoo wako. Mwaka juzi maabara wakaandika barua, ile herufi wameihamisha, haina madhara.

Dhahabu mbili zilikuwa zishauzwa hata hivyo.

Kwa hiyo dada, kabla hujatoa damu waulize wakikwambia "hatujui" mtafanya nini, na nani ataisoma karatasi. Usimuachie daktari asiyezizoea.

baba_junior_mwz

Mimi ni mwanaume na BRCA2 ninayo, msome tena, mwanaume. Huyo kaka yako anayesema ni mambo ya wanawake mwambie aje huku.

Sisi ilianzia kwa baba, alikufa na kansa ya tezi dume, na ilikuwa kali siyo ile ya wazee ya kwenda taratibu, alikuwa na 58. Hakuna aliyeunganisha. Miaka ikapita dada yetu akapata ziwa akiwa na 41, akapimwa, ikaonekana. Tukawa tunaulizana imetoka wapi maana mama hana kitu wala ndugu zake, kumbe baba ndo aliibeba na kuigawa, wanaume tunaibeba vile vile na kugawa vile vile nusu kwa nusu. Dada kapewa, mimi kapewa, mdogo wetu kakoswa na anajiona kama ametuibia kitu yaani hata simu zetu alikuwa hapokei kwa muda.

Kwenda kupima nako ni kituko, nimekaa kwenye benchi na akina mama kumi na moja, nesi anaita "Bi fulani" maana fomu imeandikwa Bi, nasimama na ndevu zangu.

Kilichobadilika kwangu ni nini: kipimo cha damu cha PSA cha kuangalia tezi dume kila mwaka tangu nilipofika 40, na najipapasa kifua, kwa sababu hata mwanaume mwenye BRCA2 katika 100 kama 7 mpaka 8 wanapata kansa ya titi. Basi. Sijakatwa chochote. Ila nina mabinti watatu na mkubwa yuko kidato cha nne, na hiyo ndo habari sijui nitaianzaje. Nilijuta? Wiki mbili za kwanza nilijuta sana, nilikuwa naamka saa tisa usiku. Saa hizi naikumbuka zaidi tarehe ya PSA ikifika.

Shiru_wa_Ruiru

Mimi niko Kenya na niliamua kutopima, so wacha niseme upande wangu pia maana naona hapa kila mtu ni pima pima.

Mamangu ovari, auntie breast. Daktari aliniambia kuhusu test nikiwa 43. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Nikijipata nayo nitatakiwa MRI kila mwaka, hiyo MRI nitailipa na nini? Na matokeo nitakaa nayo usiku na mchana. Lakini sikuketi tu bure, nilikuwa na fibroidi zinanisumbua na nilikuwa nimemaliza kuzaa, so nikamwambia daktari ukitoa uterasi chukua na ovari na mirija zote, historia ya familia unaiona. Akakubali. Hizo hotfleshi wueh, nililala na beseni ya maji miaka miwili. Mamogramu nafanya kila mwaka, hiyo naweza.

Kwa hivyo swali la bwanako, ukijua utafanya nini, usilitupe tu juu amelisema vibaya. Ni swali la maana. Kama hakuna kitu utabadilisha, unanunua wasiwasi.

Sasa niwe mkweli. Msichana wangu ana 22, na juzi aliniuliza, mum wewe ulitoa zako ukapumzika, mimi nitajua aje kama ninayo? Sikuwa na jibu. Bado sina.

mbeba_boksi_minnesota

Naongezea ya huku. Kipimo hiki zamani kilikuwa cha matajiri, kampuni moja ya Utah, Myriad, ilikuwa na hatimiliki ya hizo jeni mbili, zaidi ya dola 3,000 na huna pa kwenda kwingine. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jeni ya mwilini mwa mtu ni kitu cha asili haimilikiwi na kampuni, wengine wakaingia, bei ikaporomoka. Leo ukijilipia mwenyewe kuna maabara ni kama dola 250 na unapimwa jeni nyingi kwa mpigo. Na huo ndo mwaka ule ule Angelina Jolie alisema hadharani ametoa matiti, mama yake alikufa na kansa ya ovari ana miaka 56, watu wakakimbilia kupima.

Kwa walioko huku: sheria ya 2008 inamzuia mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa sababu ya jeni, LAKINI bima ya maisha haimo. Ikate kabla hujapima.

Na jamani vile vikopo vya kutemea mate vya kujua asili yako, mtu wangu wa karibu alitumia akaambiwa hana kitu akatulia. Kumbe kwa miaka walikuwa wanaangalia herufi tatu tu ambazo zinapatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki. Yaani Mbena wa Njombe kaambiwa hana kitu cha Wayahudi, tena kwa hela yake 😂

bi_mkora

😂😂 Mbena wa Njombe

Ila Shiru ahsante, umesema ukweli ambao watu huwa hawausemi. Mama wawili hebu jibu, ukijua utafanyaje?

mama_wawili_tabata

Nimekaa na hilo swali siku nne ndo maana nilipotea.

Nikikutwa nayo, watoto nimemaliza, na huyo wa pili tulishakubaliana ni wa mwisho. Ovari naweza kutoa nikifika 35 au 36, hilo nililiwaza nikaona moyo hauruki, pengine kwa sababu nililiona tumbo la mama. Maziwa sitoi, kwa sasa sitoi, nitachunguzwa kwa uwezo wangu. Nikikutwa sina nitalala. Na wakisema hatujui, mwana wa Kisauni nitakutafuta.

Kwa dada nilifuata maneno ya mama wa Moshi. Nilimpelekea uji Jumamosi, sikumwambia kitu cha familia, nikamwambia tu daktari anataka kujua kama atoe moja au yote mawili na kipimo ndo kitasema. Akanyamaza muda mrefu anakoroga ule uji. Akasema kumbe ni kwa ajili yangu. Nikasema ndio. Akasema basi nipimeni, mkono wenyewe umeshazoea sindano. Halafu akauliza, nikikutwa nayo utanichukia? Nikamwambia utakuwa umenipa nini ambacho mama hakutupa wote. Tukacheka kidogo.

Kaka nimemtumia ujumbe wa baba Junior kama ulivyo. Ameusoma, tiki mbili za bluu, hajajibu.

Damu ya dada inachukuliwa Alhamisi, tumeambiwa wiki tatu au nne. Yangu ni baada ya hapo kama kuna cha kutafuta.

baba_junior_mwz

Mpe siku mbili tatu huyo kaka. Mimi nilichukua miezi minne kujibu ya dada yangu. Na mume amesemaje?

mama_wawili_tabata

Amesema Alhamisi atatupeleka na gari, ila yeye hashuki.

nesi_mstaafu_moshi

Mwache akae humo humo garini mwanangu. Mchukulieni maji, foleni huwa ndefu.